Bia ya drafti ni nini hasa, na kwa nini baa ya nyumbani inaanzia kwenye friza

Ukisema drafti Dar es Salaam, wengi wataona ubao, kete na wazee chini ya mwembe. Drafti ya bia ni habari nyingine. Neno limetoka kwenye Kiingereza, na asili yake ni kuvuta: bia iliyovutwa kutoka kwenye pipa. Watu wengi hudhani ni aina ya bia, wakati laga ileile unayoinywa kwenye chupa inaweza kuwa drafti. Kinachoifanya drafti ni chombo inamokaa na njia inayopita: inakaa kwenye kegi, lile pipa la chuma lililofungwa, na inafika kwenye glasi kwa kusukumwa na gesi kupitia mpira na koki.

Gesi yenyewe ni hewa ukaa, ileile inayochemka ukifungua soda. Na hapa ndipo penye siri yote ya bia hii. Lita moja ya laga ya kawaida hubeba hewa ukaa ya karibu lita 2.5, imeyeyuka ndani yake, huioni. Bia ikiwa na nyuzi 3 za joto, gesi hiyo hutulia kwa presha ndogo tu, karibu psi 12 (psi ni kipimo cha presha). Iache bia hiyohiyo ifikie nyuzi 30, joto la kawaida la mchana wetu, na utahitaji presha ya karibu mara tatu kuizuia gesi isitoroke. Usipoizuia, inatoka kwa njia pekee inayoijua: povu.

Shemeji yangu wa Tabata alianza na kaunta. Mninga safi, stuli sita, taa za rangi chini ya ukingo, kazi nzuri ya fundi seremala. Kegi akaiweka chini, ndani ya beseni la barafu. Mpira ukatoka kwenye barafu, ukapanda mita moja na nusu kwenye joto la Februari, ndipo ukafika kwenye koki. Kegi ilikuwa ya baridi, koki ilikuwa ya moto, na karibu nusu ya bia ya jioni ile iliishia kwenye ndoo. Akapunguza presha ya gesi akidhani inasukuma kwa nguvu mno. Povu likazidi, kwa sababu presha ikipungua gesi hujitenga na bia humohumo ndani ya mpira.

Kwa hiyo ninapoulizwa baa ya drafti nyumbani ni nini, jibu langu ni hili: ni friza yenye koki. Kaunta inaweza kusubiri hata mwaka.

Friza ya kulala, hizi zinazouzwa kila duka la vyombo vya umeme Kariakoo, inafaa sana, ila yenyewe imetengenezwa kugandisha. Unaiongezea kidhibiti joto cha nje: friza inachomekwa kwenye kidhibiti, kihisio chake kinafungwa kwenye ubavu wa kegi, na umeme unakatwa bia ikifika nyuzi 3. Kabla ya kununua, pima urefu wa kegi na kumbuka uzito. Kegi ya lita 50 ni sawa na chupa 100 za nusu lita, na ikijaa inapita kilo 60. Kuitumbukiza ndani ya friza ni kazi ya watu wawili wenye migongo mizima. Kwa familia, ya lita 20 au 30 inatosha, maana bia ya kegi haitaki kukaa ikisubiri wageni.

Koki inapita wapi? Mimi nilishaweka alama ya kutoboa ubavuni, fundi friji akanishika mkono: "Kaka, hapo usiguse na drili." Akawasha friza, akaniambia niweke kiganja ubavuni. Baada ya dakika chache bati likapata moto. Mabomba ya gesi ya friza yamezunguka ndani ya kuta zile, na tundu moja linaua friza nzima. Akaunda fremu ya mbao ya kimo cha inchi nane, akaipachika kati ya sanduku na mfuniko, koki zikapita kwenye mbao. Faida yake kubwa ni kwamba mpira wote unabaki ndani ya baridi.

Huo mpira nao una hesabu. Presha inayotoka kwenye kegi lazima ipungue njiani ili bia ifike kwenye koki ikiwa tulivu, na kinachoipunguza ni msuguano. Mpira wenye tundu la milimita 5 hivi unataka urefu wa kama mita 2 hadi 3, umezungushwa juu ya kegi. Ukiukata mfupi ili upendeze, bia inaruka.

Mtungi wa gesi uheshimu. Mtungi wa hewa ukaa ukiwa na nyuzi 20 una presha ya karibu bar 57 ndani (bar nayo ni kipimo cha presha, bar moja ni kama psi 14.5). Ukifika nyuzi 30 ni karibu bar 72. Usiuweke juani, usiulaze, ufunge ukutani kwa mnyororo, na usiuunganishe bila regyuleta, kile kifaa kinachopunguza presha ya mtungi kabla haijafika kwenye kegi. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikivuja hujaa chini ya chumba na haina harufu ya kukustua. Kwa hiyo iwe barazani au sebule yenye madirisha wazi, kamwe isiwe chumba cha kulala. Viungio vipime kwa povu la sabuni, kama unavyopima jiko la gesi.

Umeme ukikatika, acha mfuniko umefungwa. Kegi iliyojaa hutunza ubaridi kwa saa nyingi.

Kila baada ya wiki mbili, mpira na koki visafishwe kwa dawa yake na kusuuzwa kwa maji mengi. Chachu na bakteria hujenga utando ndani, na bia huanza kunuka siagi au kuchachuka. Mgeni atailaumu bia, kumbe ni mpira. Na ukianza kuwauzia hao wageni, unahitaji leseni ya vileo.

Jambo la kwanza kabisa kuuliza, hata kabla ya friza, ni kegi utakayopata ina mdomo wa aina gani. Midomo haifanani, na kichwa kinachofungwa juu yake, kile kinachoingiza gesi na kutoa bia, lazima kilingane nao. Shemeji aliagiza cha kwake kwa kutazama picha. Hakikuingia, ikabidi anunue cha pili.