Taashira ya silaha katika filamu za distopia

Taashira ni kitu kinachobeba maana inayozidi kazi yake ya kawaida, na distopia ni simulizi ya jamii ya kubuni, aghalabu ya wakati ujao, ambamo utawala umeyageuza maisha ya wengi kuwa jinamizi. Hayo hayana ubishi. Ubishi huanza pale mhakiki anapotuarifu, kama inavyoarifiwa kila filamu ya aina hii inapotoka, kwamba bunduki ya askari ni taashira ya nguvu za tabaka tawala. Bunduki yenye risasi haiwakilishi nguvu, bali ni nguvu yenyewe, na mwenye kuelekezewa hahitaji mhakiki wa kumfafanulia.

Chukua Snowpiercer ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Wanadamu waliosalia wamo katika treni inayoizunguka dunia iliyoganda. Maskini wamerundikwa katika mabehewa ya mkiani, wakilishwa vipande vyeusi ambavyo baadaye tunaona vimetengenezwa kwa wadudu, na matajiri wanastarehe mbele. Walinzi wana bunduki, ila Curtis, kiongozi wa waasi, anashuku kwamba risasi zimekwisha. Anaikamata bunduki ya mlinzi, anauweka mtutu kwenye kichwa chake mwenyewe, anafyatua, na hakuna kinacholipuka. Taashira ipo hapo hasa, kwa kuwa chuma kitupu kilikuwa kikiwatawala watu kwa kuonekana tu, na mpaka kati ya matabaka ulikuwa kati ya waliojua kwamba hakina kitu na wasiojua.

Ukishaliona hilo, silaha nyingine za filamu hiyo zinasomeka vizuri zaidi. Askari waliofunika nyuso wanampasua samaki kwa shoka kabla ya kupigana na watu ambao chakula chao ni wadudu, na bunduki zenye risasi zinapojitokeza tena, zinatoka chini ya mayai yanayogawiwa kusherehekea mwaka mpya. Wenye kitoweo ndio wenye silaha, na sidhani kama mwongozaji aliviweka pamoja kwa bahati.

Kwa hiyo anayeandika kwamba silaha ni taashira ya utabaka hajapotoka sana. Tungemwomba tu, kabla hajalitumia neno hilo, atuoneshe silaha hiyo inafanya kazi gani nyingine mbali na kuua.