Mlingoti umekatwa, maji hayajarudi

Kukata mikaratusi iliyozunguka chemchemi huchukua siku mbili tatu kwa watu wenye misumeno. Kuiua huchukua mwaka na nusu hadi miwili, na hapo ndipo kazi huachwa. Kisiki kilichobaki na gome lake huchipua ndani ya wiki chache. Shina moja hurudi na machipukizi kumi au zaidi, yote yakinyonya kupitia mizizi ileile iliyokwisha kufika majini. Miaka mitatu baadaye panakuwa na kichaka kizito kuliko miti ya kwanza, na watu wanasema kukata hakukusaidia kitu.

Huku Iringa na Njombe wengi tunaiita milingoti. Siichukii. Imejenga nyumba, imesomesha watoto, na nguzo za umeme zinatoka humo. Shida yake ni mahali ilipopandwa. Mti huu hauangushi majani kiangazi na hauachi kukua kama udongo una unyevu. Ukiwa mgongoni mwa kilima hunywa kile ambacho mvua imeacha, kikiisha hupunguza mwendo. Ukiwa bondeni mizizi imekaa ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo hunywa Septemba kama unavyokunywa Machi.

Afrika Kusini walilipima hili vizuri. Kwenye mabonde ya majaribio ya Mokobulaan, bonde la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, kijito kilichukua miaka mitano kurudi kutiririka mwaka mzima. Mizizi ilikuwa imekomba akiba ya chini kabisa, na mvua ilibidi iijaze hiyo kwanza. Anayeahidi mkutano wa kijiji kwamba maji yatarudi masika yajayo anaiharibu kazi kabla haijaanza.

Na tusiseme kwamba mti wa asili "huvuta maji". Kwenye safu ya milima ya Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, watafiti walilinganisha bonde lenye msitu wa asili na bonde lililolimwa kwenye mteremko mkali. Lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi, hata kiangazi, na mmomonyoko haukuwa mkubwa kama ilivyohofiwa, kwa sababu udongo wa majivu ya volkano pale hunywa mvua upesi sana. Hiyo si ruhusa ya kulima milimani. Udongo wenye mfinyanzi mwingi, uliokanyagwa na ng'ombe, haunywi hivyo. Miti ya asili tunaipanda kwenye chanzo ili ishike udongo, iache mvua izame taratibu, na iwape ndege na nyani chakula, ilhali yenyewe hukua polepole na haina pupa ya maji.

Kabla ya kugusa mti wowote, pima maji. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Yaelekeze maji yote yapite kwenye kipande cha bomba au bati lililokunjwa, ujaze ndoo mara tatu na uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa kipimo cha sera ya maji ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, chemchemi hiyo inatosha watu 1,728. Pima Septemba au Oktoba, na kila mara saa ileile, afadhali alfajiri. Mchana miti inakunywa na maji hushuka. Aliyepima saa nane mwaka huu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka ujao atashangilia ongezeko ambalo halipo.

Kisha pima mpaka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataja mita 60 za kulindwa kando ya maji. Chukua kamba ya urefu huo na uanzie pale maji yanapoishia wakati wa masika, wala si kwenye jicho la chemchemi wakati wa kiangazi. Duara la mita 60 kila upande ni kama hekta 1.1, eneo ambalo kwa familia yenye shamba dogo bondeni linaweza kuwa mali yote waliyo nayo. Kwa hiyo mwenye miti ahesabiwe miti yake, aivune na kuiuza mwenyewe, na akubali kwa maandishi kutopanda tena wala kulea machipukizi. Makubaliano yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Pale ambapo miti imefyekwa usiku bila mwenyewe kulipwa, miche ya asili hung'olewa usiku vilevile.

Sasa kukata. Kata kiangazi, udongo ukiwa umekauka juu, kwa sababu mti uliokatwa wakati huo huchipua kwa unyonge na magogo hayachimbi makorongo yanapoburutwa. Anza na ile iliyo karibu zaidi na maji. Kwenye mteremko mkali usimalize yote mwaka mmoja: mita 30 za kwanza mwaka huu, zilizobaki mwaka ujao. Magogo yavutwe kwenda juu, yasipitishwe kwenye tope. Matawi yalaze kwa kukinga mteremko ili yashike udongo, lakini majani yasiingie majini, maana yakioza humo maji huwa meusi na machungu.

Kisiki kiwe kifupi, kisizidi sentimeta 10. Siku hiyohiyo, kabla gome halijakauka na kung'ang'ania, libandue pande zote kwa shoka au panga, ukichimbua udongo kidogo ili ufike chini ya usawa wa ardhi. Macho ya kuchipua yamejificha kwenye gome hilo. Ukiacha kipande cha upana wa vidole viwili, kitachipua hapohapo. Halafu fukia. Vichipukizi vitakavyotokea vinyofolewe kwa mkono vikiwa havijavuka goti, kila baada ya wiki sita hadi nane. Ukivikata kwa panga unaacha macho mengine chini yake, na kimoja kinarudi vitatu. Ukisubiri vifike kiunoni, majani yameshakilipa kisiki chakula kilichotumia kuchipua, na hesabu inaanza upya. Mfululizo ndio unaoua. Ratiba ya mwaka na nusu iandikwe majina, nani anakuja mwezi gani.

Watu humwaga dizeli, oili chafu au chumvi kwenye visiki. Kwenye chanzo ambacho watoto wanachota maji ya kunywa, jambo hilo lisifanyike. Dawa za kuulia magugu nazo zikae mbali. Usichome kisiki: mabonde yetu mengi yana udongo mweusi uliojengwa na mabaki ya majani, nao ukikauka huungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Usilete tingatinga pia, kwa kuwa linang'oa kisiki pamoja na udongo uliokuwa unachuja maji.

Kuhusu kupanda, mvengi, mti wa asili jamii ya mzambarau, ndio mti wangu wa kwanza. Unavumilia miguu yake kukaa majini, na matunda yake ya zambarau yanapendwa na ndege na watoto. Mbegu yake haistahimili kukauka. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, uoteshe kwenye viriba ndani ya siku chache. Ukianika juani kama mbegu ya mahindi umeua yote. Mwiza unafuata vizuri, na mkuyu kwa maeneo ya chini yenye joto. Kwenye nyanda za baridi kama Njombe na Makete, sakitu ya Juni na Julai huunguza miche michanga, hivyo iwekee kivuli cha nyasi miaka miwili ya mwanzo. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inataka miche 1,111 kwa hekta. Panda Desemba au Januari udongo ukiwa umelowa vya kutosha. Mita tano hadi kumi za kwanza kutoka kwenye jicho usipande kitu. Hapo ni mahali pa matete na mafunjo.

Na kama kuna kipande cha msitu wa asili jirani, pengine huhitaji kupanda. Ndege wataleta mbegu. Weka vigingi kwenye kila mche wa asili uliojiotea kabla ya kufyeka magugu, maana palizi ya pupa ndiyo huua mingi.

Ng'ombe wawekewe birika chini ya chemchemi, maji yafike kwa bomba, na uzio wa miti hai uzunguke juu. Mkanda wa kuzuia moto wa mita tano hadi kumi uwe umesafishwa kufikia Julai.

Vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, vinahitaji maneno zaidi. Mahindi mabichi na maharage ya kinyungu ndiyo yanayofika nyumbani wakati ghala limekwisha, na kuvipiga marufuku bila kutoa njia nyingine ni kuwaambia watu walale njaa. Kinachokausha bonde hasa ni mfereji. Mfereji wenye kina cha mita moja huyashusha maji ya chini pande zote mbili, na udongo mweusi ukishakauka kabisa hunywea na kukataa kulowa tena hata mvua ikija. Ndani ya mita 60 mifereji izibwe kwa viroba vya udongo, kimoja kila mteremko unaposhuka sentimeta 20 hadi 30, ili maji yarudi nyuma na kusimama. Vinyungu vilivyo nje ya mpaka viendelee na mifereji mifupi isiyozidi kina cha jembe.

Mabonde haya ya Mufindi na Iringa hulisha Ruaha Mdogo, nao huingia Ruaha Mkuu kuelekea Mtera na Kidatu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka kiangazi tangu miaka ya 1990, na viboko hubanana kwenye madimbwi ya mwisho. Kule sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mpunga wa Usangu, si milingoti yetu, na haitakuwa haki kumbebesha mkulima wa Mufindi lawama hiyo.

Kama chanzo chako kimezungukwa na miwati (black wattle) badala ya milingoti, usichukue hatua hizi kama zilivyo. Kisiki cha muwati kikikatwa chini kabisa huwa hakisumbui sana. Kinachosumbua ni mbegu, ambazo hukaa ardhini hai kwa miongo kadhaa na huamshwa na moto. Hapo moto wowote, hata wa kusafisha matawi, utakuletea zulia la miche. Ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa, Januari hadi Machi, na urudi kila mwaka.