Beelitz: si hospitali ya Hitler, wala si mahame ya majini

Vijana wa Lamu wanaorushiana video za majumba mabovu ya Ulaya wana kisa wakipendacho: Beelitz, karibu na Berlin, ilikuwa hospitali ya Hitler, Vita vya Pili vya Dunia vikaisha 1945 ikahamwa, sasa inakaliwa na majini.

Kwanza, Hitler hakuijenga. Ujenzi ulianza 1898, naye bado mtoto kwao Austria. Wenye mali walikuwa shirika la bima la wafanyakazi wa Berlin. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza watu waliobanana katika vyumba vya giza, na bima ilipopiga hesabu ikaona afadhali kumtibu mtu mapema arudi kazini kuliko kumlipa pensheni ya ulemavu. Huruma ilikuwepo, nadhani, lakini daftari ndilo lililojenga. Hitler alilazwa mwishoni mwa 1916, askari wa cheo cha chini aliyejeruhiwa paja kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati huo majengo yalikuwa yamegeuzwa hospitali ya jeshi. Alikuwa majeruhi mmoja kati ya maelfu.

Wengine hudhani wagonjwa wa mwanzo walipewa dawa. Dawa ipi? Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, ila streptomaisini, dawa ya kukiua, haikupatikana hadi 1943. Hapo kati tiba ilikuwa kulala, kula vizuri na hewa safi. Mgonjwa alilazwa kutwa barazani. Kaskazini ya reli iliyopita kati ya majengo waliwekwa wenye kifua kikuu, kusini wenye maradhi yasiyoambukiza. Wanawake magharibi, wanaume mashariki. Leo mgonjwa wa kawaida humeza vidonge miezi 6 akiwa nyumbani kwake.

Kuhamwa 1945 nako si kweli. Warusi waliitwaa mwaka huo huo wakaifanya hospitali ya jeshi lao hadi 1994. Hata Erich Honecker, aliyekuwa mkuu wa Ujerumani Mashariki, alihifadhiwa humo kuanzia 1990, kisha Machi 1991 akapelekwa Moscow kwa ndege. Ubovu unaouona kwenye simu umekuja baada ya hapo: mvua, miti, na wavunja vioo.

Na si yote mabovu. Baadhi ya majengo yametengenezwa, mengine yanatibu wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na tangu 2015 kuna njia ya juu kwa juu inayopita vileleni mwa miti, watu wakitazama magofu kwa tiketi. Ngome yetu hapa Lamu nayo ilikuwa jela hadi 1984, sasa ni makumbusho, na hakuna anayeogopa kuingia.