Leseni ya kupiga muziki hadharani: DJ analipia nini hasa?

DJ akinunua wimbo mtandaoni kwa pesa yake halali, amenunua nakala ya kusikiliza. Ruhusa ya kuupiga mbele ya ukumbi uliojaa watu ni kitu kingine, na kina malipo yake. Ndiyo maana mkaguzi anapoingia, jibu la "nyimbo zangu zote nimelipia" halimsaidii mtu.

Leseni ya kupiga muziki hadharani ni ruhusa ya kuupiga wimbo wa mtu mahali ambapo waliopo si familia yako na watu wako wa karibu tu. Baa, hoteli, saluni na matatu vyote vimo. Sebuleni kwako haihitajiki.

Wimbo mmoja huwa na wenyewe kadhaa. Yupo aliyetunga, wapo walioimba na kupiga vyombo, na yupo aliyegharamia kurekodi. Kenya iliwagawa hivyohivyo: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa watayarishaji, na kibali cha kukusanya ada hutolewa na bodi ya hakimiliki, KECOBO. Tanzania Bara suala hili lipo chini ya ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999; Zanzibar ni COSOZA. Na usidhani wimbo wa Lagos au Kingston hauna mwenyewe huku. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo kazi za wageni nazo zinalindwa.

Nani alipe? Mara nyingi ni mwenye ukumbi au mwandaaji wa shughuli, kwa sababu ndiye anayevuna kutokana na muziki ule. Lakini DJ anayezunguka na spika zake, leo uwanjani kesho kwenye hema, anaweza kudaiwa yeye. Basi kabla ya kupokea malipo ya awali, uliza leseni iko wapi, omba kuiona, na makubaliano yaandikwe. Anayekuja kukusanya naye aonyeshe kibali kinachotumika mwaka huo. Vibali hivi hubadilika: mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK kibali ikaipa chama kingine, MPAKE, na mambo yakafika mahakamani.

Leseni hiyo ina mipaka. Haihalalishi faili la wizi. Ukinunua flash iliyojaa maelfu ya nyimbo zilizonakiliwa bila idhini, huo ni uharamia hata kama ukumbi umelipa kila kitu. Huduma za kulipia kila mwezi zinazowapelekea madijei nyimbo mpya zinakupa faili safi, lakini nazo hazikulipii ada ya ukumbi. Tena kunakili ni haki inayojitegemea. Ujerumani walilifanya wazi: Aprili 2013 chama cha hakimiliki cha GEMA kilianza kuwatoza madijei senti 13 za yuro kwa kila wimbo waliounakili ili kuupiga kazini, mbali na kile anacholipa mwenye klabu.

Kinachoniuma zaidi ni pesa inavyogawanywa ikishakusanywa. Baa inalipa, chama kinapokea, lakini nani anajua usiku ule zilipigwa nyimbo zipi? Pasipo orodha, mgao huegemea redio na televisheni, na mzee wa benga au wa dansi anayechezwa kila Jumamosi kwenye kumbi za mtaani hapati chochote. DJ ndiye mwenye orodha hiyo. Programu za udijei kama Serato, rekordbox na VirtualDJ zote huhifadhi historia ya kila wimbo uliopigwa, na kuitoa kama faili ni kazi ya dakika chache. Vyama vingekuwa vinaidai historia hiyo pamoja na ada, na madijei tungekuwa tunaitoa bila kusukumwa.

Miksi nayo ni habari nyingine kabisa. Ukiipandisha mtandaoni au kuiuza, umenakili na kusambaza, na leseni ya ukumbi haifiki huko. YouTube huzitambua nyimbo kwa mfumo wake wa Content ID, na mwenye wimbo huamua: video ifungwe, au mapato ya matangazo yaende kwake. Mixcloud, mtandao wa kusikilizia miksi, wao wana mikataba na wenye haki, kwa hiyo miksi ya kusikilizwa hapohapo, bila kupakuliwa, hukaa salama zaidi. Wala ridhaa ya msanii si kinga. Januari 2007 huko Atlanta, maafisa wa polisi wakisaidiana na chama cha kampuni za rekodi, RIAA, waliivamia studio ya DJ Drama, mtengenezaji wa miksi za hip hop, wakamkamata na kuchukua maelfu ya CD za miksi, ingawa wasanii wengi waliomo walishirikiana naye kwa hiari. Hiari ya mwimbaji haitoshi pale haki ya rekodi inapokuwa mikononi mwa kampuni. Kwa hiyo msanii akikwambia "weka tu wimbo wangu kwenye miksi," muulize rekodi hiyo ni ya nani, kisha akujibu kwa maandishi.