Je, wajua kwa nini ukisikia mlipuko hupaswi kwenda dirishani?

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi. Watu waliokuwa kazini kwenye majumba ya karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi walisikia vishindo chini, upande wa ubalozi wa Marekani: guruneti, kisha risasi. Wakafanya ambalo karibu kila mtu angelifanya, wakasogea dirishani kuona kuna nini. Walikuwa wangali wamesimama pale, nyuso karibu na kioo, bomu kubwa lililobebwa na lori lilipolipuka.

Nairobi ilipoteza watu 213. Pale ubalozi ulipokuwa sasa pana bustani ya kumbukumbu yenye majina yao. Maelfu walijeruhiwa, wengi machoni, na wako waliopofuka kabisa ilhali hawakuwa hata ndani ya ubalozi. Hao hawakuunguzwa na moto. Walikatwa na vioo.

Bomu likilipuka, baruti hugeuka gesi ya moto kufumba na kufumbua, na gesi hiyo huisukuma hewa mbele yake kama ukuta unaokimbia. Ukuta huo hupungua nguvu haraka kadiri unavyokwenda mbali. Zege hustahimili mengi, lakini kioo cha kawaida hupasuka kwa msukumo mdogo sana. Ndiyo maana mtaa wa pili, ambako hakuna nguzo iliyopata hata ufa, madirisha yanaweza kumwagika yote ndani ya ofisi. Aliye umbali wa mita 300 ana muda usiofika sekunde moja tangu mwanga umulike hadi hewa ile imfikie. Hawezi kugeuka akawahi.

Basi ukisikia kishindo usichokielewa, ondoka dirishani, inama, elekea koridoni au popote ambapo ukuta utakaa kati yako na kioo. Majengo mengine hubandika utando wa plastiki madirishani. Hauzuii kioo kuvunjika, bali huvishika vipande visiruke, na kwangu mimi hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko marumaru za mapokezi.

Kifurushi cha kutilia shaka nacho kina mantiki yake. Bodaboda huleta mizigo mapokezi kutwa nzima, kwa hiyo polisi akija hawezi kujua kipi ni kigeni. Anayejua ni mfagiaji, tarishi, dada wa mapokezi. Kila mmoja aangalie sehemu yake kwa macho tu. Akiona kisicho na mwenyewe asikiguse, asikisogeze wala kukifunika, maana baadhi ya mabomu hutegwa yalipuke yakitikiswa. Simu ya 999 au 112 ipigwe baada ya kusogea mbali.

Vitisho vingi huja kwa simu. Usikate. Mwache mpigaji aseme, muulize bomu liko wapi na litalipuka lini, andika maneno yake kama alivyoyatamka pamoja na sauti unazosikia nyuma yake: matatu, muziki, mwadhini.

Likija agizo la kutoka, beba mkoba wako ikiwa uko mkononi. Kwenye moto tunafundishwa kuacha kila kitu, lakini hapa kila mkoba ulioachwa ni kitendawili kingine kwa wataalamu watakaoingia kupekua.

Linaloniumiza roho zaidi ni mahali pa kukusanyikia. Ofisi nyingi zina mahali pamoja tu, papo hapo kwenye maegesho, chini ya ghorofa la vioo. Kwa moto huenda pakafaa. Kwa bomu, umewatoa watu ndani ukawapanga kati ya magari usiyojua yamebeba nini, na juu ya vichwa vyao ni kioo kitupu. Pawepo mahali pa pili, mbali zaidi, nyuma ya jengo jingine imara, na askari wa lango wapajue kabla ya mtu mwingine yeyote.