Selimundu: yanayosemwa na yale yanayoonekana ndani ya himoglobini

Nasikia mara nyingi kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu imeharibika yote, haibebi tena oksijeni. Si kweli, inaibeba. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni minyororo minne ya protini iliyoshikana: miwili ya alfa, yenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye 146. Mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, alionyesha mwaka 1957 kwamba kosa liko mahali pamoja tu. Kwenye nafasi ya 6 ya beta, palipotakiwa asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki, imekaa nyingine, valini.

Jambo dogo hivyo linamlazaje mtoto kwa maumivu ya mifupa? Jibu limetoka kwenye fuwele. Fuwele ya himoglobini ikipigwa eksirei, miale hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na hesabu huugeuza kuwa ramani ya atomu. (Zile picha za rangirangi za himoglobini tunazoziona vitabuni, basi, hazikupigwa kwa kamera.) Ramani ya kina iliyotolewa mwaka 1997 inaonyesha valini hiyo, isiyopatana na maji, imejichomeka kwenye kishimo cha himoglobini jirani, kati ya asidi amino mbili za beta, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Wengi hudhani kishimo ndicho kasoro. Hapana, hata mzima anacho. Asichokuwa nacho ni hiyo valini ya kuchomeka humo. Jirani hushika jirani, nyuzi hurefuka, chembe nyekundu ya damu ikapinda kama mundu, ikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu.

Wala haipindi saa zote. Himoglobini iliyojaa oksijeni hubadili mkao, valini ikakosa pa kuingia. Mgonjwa akipungukiwa maji, himoglobini husongamana ndani ya chembe na nyuzi huanza upesi zaidi.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni ya kumlaumu mama. Jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11, na kila mtu hupewa moja na baba, moja na mama. Mtoto mwenye SS, yaani jeni mbili za selimundu (S), amerithi S kwa wote wawili. Mume anayemfukuza mkewe kwa hilo anamwadhibu kwa jeni ambayo na yeye ameitoa.

Wapo pia wanaoogopa kumpa mtoto haidroksiyurea, dawa ya selimundu, palipo na malaria, wakihofia itaizidisha malaria. Dawa hii haigusi valini. Huongeza himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo huzuia nyuzi kuungana. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo-Kinshasa na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwa watoto waliotumia dawa hiyo maumivu yamepungua, vifo vimepungua, na malaria yenyewe imepungua.