Uthamini wa mali kwa ajili ya kodi: mthamini anaangalia nini?

Kodi ya majengo huanza na swali moja: nyumba hii ikiuzwa leo, muuzaji na mnunuzi wote wakiwa na hiari, itaingiza kiasi gani? Jibu lake ndilo thamani ya soko, na mthamini wa halmashauri hutakiwa kulipata hata kwa nyumba ambayo haijawahi kuuzwa.

Kwa nyumba za kuishi, hutazama mauzo ya karibuni ya nyumba zinazofanana nayo, kisha husawazisha tofauti: hii ina chumba cha ziada, ile imebanwa na barabara kuu. Jengo la kupangisha hupimwa kwa kipato chake. Tuseme pango, baada ya kuondoa gharama, hubakiza 600,000 kwa mwaka, na wawekezaji wa eneo hilo hutarajia faida ya asilimia 8 ya bei ya jengo kwa mwaka. Gawanya 600,000 kwa 0.08, unapata 7,500,000. Kiwanda au shule, ambavyo ni nadra kuuzwa, hukadiriwa kwa gharama ya kuvijenga upya, ukatolewa uchakavu, ikajumlishwa bei ya ardhi.

Usidhani kila nyumba hukaguliwa kwa macho. Nyumba ni maelfu, wathamini wachache, hivyo hufanyika uthamini wa jumla: ukubwa, umri na aina ya ujenzi huingizwa kwenye kanuni moja ya hesabu. Kumbukumbu zikiwa na kasoro, thamani nayo hupotoka. Mita za mraba 120 zimeandikwa 210, au banda lililobomolewa zamani bado linahesabiwa. Mwenye pingamizi na aanzie hapo kabla ya kubishania bei za soko. Kosa la namna hiyo ni rahisi kulithibitisha.

Thamani, hata hivyo, si kodi. Thamani za wote zikipanda maradufu na halmashauri ikahitaji mapato yaleyale, inaweza kupunguza kiwango cha kodi kwa nusu, na ankara yako isibadilike. Kinachoumiza ni yako kupanda kuliko za wenzako.

Halafu kuna suala la tarehe. England bado hupanga nyumba katika madaraja ya kodi kwa bei za Aprili 1, 1991, hata nyumba iliyokamilika juzi. California nayo, tangu 1978, hairuhusu thamani ya kodi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Matokeo yake, nyumba mbili pacha zinazopakana hutozwa kodi zisizokaribiana kabisa, kwa sababu tu moja ilinunuliwa miaka 30 baada ya nyingine.